Kuaka na Kujenga: Historia ya Maneno ya Ukuta na Paa kutoka Kilwa hadi Songea

Katika Kiswahili cha mwambao cha karne ya 19 palikuwa na vitenzi viwili kwa kazi ambayo leo twaieleza kwa kitenzi kimoja. Aliyesimamisha nguzo, akafunga fito na kukandika udongo, alisemwa kuwa amejenga. Aliyepanga mawe na kuyashikamanisha kwa chokaa alisemwa kuwa ameaka. Huyu wa pili ndiye mwashi, jina lililotoka katika kuaka kwa kanuni ile ile iliyotupa mpishi kutoka katika kupika. Tofauti hiyo haikuwa pambo la usemi. Ilimwarifu msikilizaji mara moja nyumba inayozungumzwa ni ya namna gani, itastahimili masika mangapi, na mwenyewe ni mtu wa uwezo gani. Leo kitenzi kuaka kimebaki katika kamusi tu, na kujenga kumemeza kazi zote mbili. Jina la fani, uashi, lingali hai katika vyuo vyetu vya ufundi, lakini ni wanafunzi wachache wa uashi wanaojua kwamba neno hilo lina mzazi aliyekwisha kuzikwa.

Makala haya yanakusudia kufuata safari ya maneno ya namna hiyo, yaani maneno ya vitu vinavyoikinga nyumba na mvua: ukuta, lipu, paa na vifaa vyake. Safari yenyewe yaanzia mwambao wa Kilwa na kuishia Songea, katika Mkoa wa Ruvuma. Songea haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ni mji ulio mbali na bahari, juu ya nyanda zilizoinuka zaidi ya meta 1,000, na hata hivyo mvua yake ya mwaka haipungui ile ya Dar es Salaam. Pwani mvua hugawanyika katika vuli na masika, na kati yake kuta hupata nafasi ya kukauka. Songea mvua huja kwa mkupuo mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukuta uliolowa Januari hauna matumaini ya kukauka kabla ya Mei. Kwa hiyo maneno yaliyozaliwa katika unyevu wa chumvi yalipopelekwa katika unyevu wa milimani yalikuta kazi nyingine ya kufanya. Baadhi yake yalibadilika maana, baadhi yalipanuka mno, na mengine yanatutatiza hadi leo katika mikataba, makisio na vitabu vya shule.

Tuanze na jiwe. Wenyeji wa mwambao walitumia mawe ya aina mbili, na lugha iliyatenga. Jiwe la matumbawe lililotolewa baharini likiwa bado bichi na laini lilichongwa kwa urahisi, likafanywa vizingiti, mihirabu na mapambo, kisha likawa gumu likikauka. Jiwe la kawaida la mwambao, lililochimbwa nchi kavu, lilikuwa la kujazia ukuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya 14, yamesimama mpaka leo kwa sababu ya mawe hayo na chokaa iliyoyashika. Lakini msomaji asidanganyike na magofu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliuona mji mzuri, na akaandika kwamba nyumba zake zilijengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Jiwe lilikuwa la misikiti na la wakubwa. Wengi walijenga, wachache waliaka, na mvua ikafuta kazi ya wale wengi. Mwanahistoria anayehesabu magofu peke yake anahesabu waashi tu.

Chokaa yenyewe ilipikwa kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu ili ipoe na kulainika kabla ya kutumiwa. Ukuta ulipokwisha kupandishwa, mwashi alitomea, maana yake alijaza vijiwe na chokaa katika mianya ili uso wa ukuta uwe sawa, ndipo akapaka. Neno kutomea linastahili kukumbukwa. Kazi yake ingali inafanywa kila siku na mafundi wetu, lakini wengi wao sasa huieleza kwa maneno manne au matano pale ambapo wazee walitumia moja.

Juu ya ukuta huo liliwekwa dari, na hapa lugha imetuachia kisa kitamu. Neno sakafu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni paa au dari. Sisi twaliita sakafu lile tunalokanyaga. Imekuwaje paa likashuka chini ya miguu? Jibu limo katika ufundi wa nyumba yenyewe. Juu ya boriti zilipangwa mawe mapana, juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na vijiwe, na watu wakaipondaponda kwa vijiti siku nyingi mpaka ikashikana na kuwa ngumu. Aliyekuwa chini aliliona paa. Aliyepanda orofani alitembea juu yake. Kitu kilikuwa kimoja, na kwa muda mrefu jina lilifaa pande zote mbili. Hata kitabu cha sarufi na msamiati cha Edward Steere kilichotolewa mwaka 1870 kinaonyesha matumizi hayo mawili. Paa la bapa lilipoacha kujengwa na mapaa ya mteremko yakashika nafasi yake, maana ya juu ilikosa kitu cha kuitwa nayo, ikabaki ile ya chini. Mwalimu wa sayansi kimu anayewaambia wanafunzi kwamba sakafu ni sehemu ya chini ya nyumba anasema kweli, ila anasema kweli ya juzi.

Boriti nazo zatufundisha jambo ambalo waundaji wa istilahi hawana budi kulizingatia. Wakata mikoko wa Rufiji na Lamu hawakuwa na jina moja tu kwa mti wa kujengea. Walikuwa na daraja zilizopangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, na kila daraja ilikuwa na bei yake na kazi yake katika nyumba. Majahazi yalichukua boriti hizo hadi Omani na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti, na urefu wa boriti ukaamua upana wa vyumba huko kama ulivyoamua kwetu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za mawe aghalabu ni virefu na vyembamba. Gome la mikoko lina ukali unaokirihisha wadudu, na mti wenyewe hustahimili unyevu wa chumvi. Huo ulikuwa mfumo kamili wa istilahi, uliotungwa na wakata miti na wafanya biashara bila kamati yoyote, na uliotumika karne nyingi bila mnunuzi wa Maskati kudai kwamba hakuelewana na muuzaji wa Rufiji. Tukitafuta mfano wa istilahi iliyosanifiwa vema, tusiukimbilie ng'ambo.

Neno saruji pia ni la njia hiyo hiyo ya majahazi. Katika Kiajemi na katika Kiarabu cha Omani ni jina la udongo uliochomwa na kusagwa, ukachanganywa na maji ukawa gundi ya kujengea inayoganda hata mahali pa maji. Kwa huo mifereji ya kale ya Omani iliwekwa lipu, na ngome zikaakwa. Kwa hiyo saruji ilipotua mwambao wetu haikuwa ile ya kiwanda tunayoijua. Ilikuwa jamaa ya chokaa. Jambo hili tutalirudia.

Maneno hayo yalipandaje hadi Ruvuma? Kwanza kwa misafara. Katika karne ya 19 njia kubwa ya pembe na watumwa ilitoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa, ikipita katika nchi ambayo Wangoni, waliotoka Kusini mwa Afrika na kuvuka Zambezi mwaka 1835, walikuwa wamekwisha kuitawala. Wafanya biashara wa Kiswahili waliweka makazi huko. Aliyejulikana zaidi ni Rashid bin Masoud wa Kikole. Watu hao walibeba lugha, ila hawakubeba matumbawe. Chokaa ya baharini haikuweza kusafirishwa kwa vichwa vya wapagazi siku nyingi za mwendo ili kujenga kuta. Yaelekea, basi, kwamba kwa muda mrefu maneno ya uashi yalifika Songea yakiwa hayana mali ya kushika, huku maneno ya kujenga kwa miti, fito, udongo na nyasi yakikuta nchi iliyojaa vitu hivyo na mafundi wake wenyewe.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne hiyo. Wajerumani waliweka kituo chao Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto wakaanzisha misheni ya Peramiho, yapata kilometa 24 magharibi ya mji. Neno boma, lililokuwa jina la uzio wa miti au mawe wa kujihami, likahama na kuwa jina la ofisi ya serikali. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilifika Ungoni. Peramiho ikateketezwa kwa moto, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, akanyongwa pamoja na wenzake. Misheni ilipojengwa upya haishangazi kwamba nyasi na miti vilitafutiwa badala. Jiwe la matumbawe halikuwapo. Udongo mwekundu ulikuwapo kila mahali, na kuni za miombo vilevile. Kwa hiyo nyumba ya kudumu ya Ungoni ikawa nyumba ya tofali la kuchoma, na kanisa kubwa la abasia ya Peramiho lililomalizika katika miaka ya 1940 ni ushahidi wake unaoonekana kutoka mbali.

Hapa ndipo neno tofali lilipopata makazi yake halisi. Neno hili lahusishwa na Kiarabu kwa maana ya udongo laini wa kufinyangia. Mwambao, ambako mawe yalikuwa tele, halikuwa na kazi kubwa. Bara lilikuwa mfalme. Fundi wa Songea alijifunza kuchagua udongo, na mara nyingi alichimba vichuguu kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua na kuulainisha. Akaukanda, akaufyatua kwa kalibu, akauanika kivulini, kisha akapanga tanuri na kulichoma kwa magogo siku kadhaa mchana na usiku. Kila hatua ilihitaji neno, na lugha ikayatoa bila ubishi: kufyatua, ambalo awali ni la mtego, likaingia katika kalibu, tanuri likatoka kwa mwoka mkate na mchoma chokaa likaenda kwa mchoma tofali.

Ndugu yake tofali ni kigae. Kwa asili kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, kile ambacho mama alichukulia makaa ya moto kwa jirani. Vipande vya udongo uliochomwa vilipoanza kufanywa makusudi kwa ajili ya kuezekea, mtu fulani ambaye historia haikumtaja aliona kwamba vinafanana na vigae, akaviita hivyo. Ni istilahi nzuri kuliko nyingi zilizotungwa mezani. Ila ina kasoro moja ambayo wafasiri wanaijua: baadaye kigae kikashuka tena kutoka paani, kikawa pia kile cha kutandazwa chini na cha kubandikwa ukutani, kilichopakwa ng'arisho. Basi mfasiri akikuta kigae katika hati hana budi kuuliza cha wapi. Rai yangu ni kuacha neno lilivyo na kuongeza mahali: kigae cha paa, kigae cha sakafu, kigae cha ukuta. Wanaotaka neno jipya kwa kila kimoja hawajaonyesha fundi atakayelitumia.

Mgeni aliyewashinda wote, kigae na nyasi pamoja, ni bati. Karatasi ya chuma yenye migongo ilibuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kuipaka chuma zinki ili isishike kutu. Hadi mwisho wa karne hiyo mabati yalikuwa yamefika Afrika Mashariki pamoja na maboma, maghala na stesheni za reli. Sasa, bati ni nini? Mwalimu wa kemia atajibu kwamba ni madini laini meupe ambayo alama yake ni Sn. Muuza vifaa vya ujenzi atajibu kwamba ni hizo karatasi zilizoegemezwa ukutani. Wote wana haki, lakini karatasi za muuzaji hazina bati la mwalimu. Ni chuma na zinki, na siku hizi mara nyingi zinki iliyochanganywa na alumini. Lugha ilifananisha vitu kwa mng'aro wao, si kwa mali yao.

Je, kuna madhara? Katika mazungumzo hakuna. Katika kufundisha na kuamua yapo. Ulinzi wa bati la kuezekea umo katika zinki, ambayo hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe; inapokwisha, kutu huanza. Hewa ya chumvi huila zinki upesi, na kwa hiyo bati la Mtwara huzeeka kabla ya bati la Songea ingawa yametoka kiwanda kimoja siku moja. Huko Songea adui ni mwingine: unyevu unaokaa miezi mitano mfululizo chini ya majani yaliyoanguka juu ya paa, moshi wa jiko, na kila mahali palipokatwa au kutobolewa bila uangalifu. Mwananchi aliyefundishwa kwamba bati ni madini fulani yasiyoota kutu hataelewa kwa nini paa lake limetoboka. Akiambiwa kwamba ni chuma kilichovikwa zinki, ataelewa bila maelezo zaidi. Kwa vitabu vya shule napendekeza bati libaki kwa karatasi ya kuezekea, kama wananchi walivyokwisha kuamua, na madini yatajwe wazi kuwa ni madini ya bati pale ambapo panaweza kutokea utata.

Zaidi ya bati lenyewe kuna geji. Neno hili limeingia madukani na katika makisio ya halmashauri, nalo lina mtego. Idadi ya geji ikipanda, unene hushuka: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Mtu yeyote asiyefundishwa atadhani kinyume, kwa kuwa katika Kiswahili, kama katika akili ya kawaida, kikubwa ni kikubwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anayesoma kwamba mzabuni ameleta geji 32 badala ya 28 anaweza kushukuru, akidhani amepewa zaidi ya alichoomba, na paa la shule likaonyesha hesabu sahihi upepo wa kwanza wa Desemba. Hapa kazi ya mfasiri si kutafuta neno zuri la geji. Ni kuandika unene kwa milimeta kando ya geji katika kila hati.

Turudi kwa saruji. Unga wa kijivu wa kiwandani ulipowasili, wenyeji waliupa majina matatu. Wengine waliuita sementi, kwa kufuata matamshi ya wageni. Wengine waliuita udongo ulaya, kwa mtindo ule ule uliotupa viazi ulaya: kitu kinachofanana na chetu, ila kimetoka kwao. Na wengine waliuvika jina la kale la saruji. Hatimaye hili la tatu ndilo lililosanifiwa nchini Tanzania, na lilistahili, kwa kuwa lilikwisha kuzoea mwambao na lilikuwa na ukoo na kazi ile ile ya kushikamanisha. Lakini kuvaa jina la marehemu kuna gharama. Lilipokuwa saruji ya kiwanda, tulipoteza jina la ile gundi ya kale, na pamoja na jina tukapoteza wazo kwamba kuna gundi zaidi ya moja. Athari zake zaonekana Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Zikipakwa lipu ya saruji ngumu, unyevu hufungwa ndani, chumvi hujikusanya, na lipu hubanduka ikichukua na kipande cha ukuta. Fundi aliyeagizwa kwa maneno "paka saruji" hawezi kulaumiwa akileta mfuko wa kiwanda.

Jambo hilo hilo hutokea Ungoni kwa sura nyingine. Ukuta wa tofali bichi au wa udongo ukipigwa lipu ya saruji bila maandalizi, vitu viwili hivyo hupanuka na kusinyaa kila kimoja kwa namna yake, na baada ya masika machache lipu hutengana na ukuta kama ganda la yai lililochemshwa. Kusiriba kwa udongo mpya kila kiangazi, kazi ambayo bibi zetu waliifanya kwa mikono, kulikuwa na hekima yake, na neno kusiriba lilikuwa na nafasi yake halali katika ufundi. Sasa latumiwa kana kwamba ni dalili ya umaskini.

Na hapa twafika penye uzito. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Kwa Songea, kiwanda hicho kilikuwa umbali wa kilometa zipatazo 900 na ushei, na barabara ya lami ya kutoka Makambako haikukamilika mpaka miaka ya 1980. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, serikali ilikuwa ikihimiza nyumba bora vijijini. Neno bora halikutaja mali yoyote, lakini masikioni mwa watu lilikwisha kupata tafsiri: saruji chini na ukutani, bati juu. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika taarifa yake ya mwaka 1977 ya kutazama miaka kumi ya Azimio la Arusha aliwakemea watu waliokuwa radhi kukaa katika nyumba mbovu wakingojea bati na udongo wa Ulaya, hali tofali za kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa pale pale walipo. Aliuona mtazamo huo kuwa ni akili kufungwa. Inafaa kutambua kwamba alilichagua lile jina la pili, ambalo halikusanifiwa. Saruji lisingembeba lawama yake. Udongo wa Ulaya lilibeba lawama yote ndani ya maneno matatu.

Tangu hapo neno bora limepata mwenzake, neno kudumu. Katika fomu na taarifa za serikali tumezoea kukutana na nyumba ya kudumu na nyumba ya muda, na tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa maana thamani ya nyumba, mkopo na fidia hufuata nyuma yake. Ofisa anayejaza fomu aghalabu hutazama paa kwanza. Nyumba ya tofali la kuchoma iliyosimama tangu enzi ya babu, yenye msingi wa mawe na paa la nyasi linalobadilishwa kwa zamu, yaweza kuandikwa kuwa ya muda. Nyumba ya tofali la saruji lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, chini ya bati jembamba, huandikwa kuwa ya kudumu ingawa haitamfikisha mwenyewe uzeeni. Wafasiri wameongeza utata huu kwa kutumia imara mahali pa -a kudumu. Imara ni hali ya sasa: kitu hakitikisiki. Kudumu ni habari ya miaka. Ukuta wa tofali bichi siku unapokamilika ni imara kabisa, muulize Aprili. Katika hati za vifaa vya ujenzi maneno haya mawili yasibadilishane nafasi.

Tatizo linalogusa fedha kuliko yote, hata hivyo, ni lile la tofali. Dar es Salaam na mwambao wote, tofali siku hizi ni lile kubwa la saruji na mchanga. Songea, Mbinga na Nyanda za Juu za Kusini, tofali lisiloongezewa sifa ni la udongo, la kuchoma. Makisio yakitungwa Dar es Salaam yakataja tofali 5,000 kwa nyumba ya mwalimu, yakasomwa Songea, idadi ya kwanza itakuwa ya vitu vikubwa na ya pili ya vitu vidogo, na ukuta utaishia madirishani. Mtu wa Nairobi, ambaye huenda alijenga kwa mawe ya kuchonga, atakuwa na hesabu ya tatu. Hakuna kosa la sarufi katika hati hiyo. Kuna pengo la istilahi, na linazibwa kwa neno moja la sifa: tofali bichi, tofali la kuchoma, tofali la saruji. La nne limeongezeka katika miongo ya karibuni, lile la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, ambalo limetangazwa nchini na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, mrithi wa kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa katika miaka ya 1970. Tofali hilo halichomwi, bali humwagiliwa maji siku kadhaa hadi likomae, na kwa hiyo halili miombo. Lina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, nayo hushikana yenyewe. Tofali la kufungamana ni jina linalotosha, tuliache liendelee.

Kwa Songea, tofali la kuchoma litabaki kuwa chaguo la wengi maadamu kuni zipo, ingawa hizo nazo zinapungua na milingoti ya kupandwa inachukua nafasi ya miti ya asili tanurini. Udhaifu wake mkubwa haumo katika tofali bali katika kiungo. Wengi hulijenga kwa udongo mtupu, na mvua ya kuyumbishwa na upepo huusomba udongo huo kutoka nje kwenda ndani hadi tofali zikabaki zimepangana tu. Dawa ni kuziba viungo vya nje kwa saruji kidogo, kuinua msingi wa mawe juu ya mahali matone yanaporukia, na kuliacha paa litokeze mbele ya ukuta. Sehemu hiyo ya paa inayotokeza ina jina zuri la Kiswahili, upenu, na kazi yake katika nchi ya mvua ya mfululizo ni kubwa kuliko ya rangi yoyote ya dukani. Lakini katika michoro mingi inayofika wilayani imeandikwa kwa maneno ya mzunguko au imeachwa kabisa, na fundi anayefuata mchoro huukata upenu ili kuokoa nusu bati. Walimu wa uashi walirudishe neno hilo darasani pamoja na mlizamu, ule mfereji wa kupokea maji ya paa, ambao mafundi wengi sasa huuita gata. Yafaa vipimo vya upenu viandikwe katika kila mchoro, kwa sentimeta, na jina lake kando yake.